Wimbo Uliotwaa Ufukwe wa Bellaria

Alhamisi, 3 Agosti 1995

Santuri zimefika kutoka kiwandani! Nakala mia tatu. Juu ya jalada, kwa rangi ya fedha: Ivano na Nives. Nimezinusa. Zinanukia ushindi.

Midundo mia na arobaini kwa dakika. Kinanda nimepiga mwenyewe, gerejini. Kibwagizo kaimba mke wangu Nives, akiwa amesimama ndani ya bafu la maonyesho dukani kwa baba yake, maana pale sauti inavuma vizuri. Maneno ni ya Kiingereza. Kiingereza hatukijui, si mimi si yeye. Dansi ni dansi.

Mkwe wangu, Mzee Oreste, mwenye duka la vigae na vyoo, kanipa ruhusa hadi sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima inapofunga kazi, tarehe 15. Siku hiyo kuna dansi kubwa ufukweni, na bwana mmoja wa kampuni ya muziki atatoka Bologna kuchagua wimbo mmoja wa kaseti ya kiangazi. Akichagua wangu, naaga duka. Asipochagua, narudi kuuza vyoo mpaka nizeeke. Mzee kaniuliza vyoo gani nitaanza navyo. Hana imani kabisa!

Mpinzani ni mmoja tu: Loris, anayepiga muziki ufukwe wa jirani. Naye ana wimbo. Pia ana nywele nyingi. Sijui kwa nini watu hulitaja hilo kila mara.

Jumamosi, 5 Agosti

Redio mbili zimenikatalia. Wapiga disko wote ni marafiki wa Loris. Nilikaa chini ya mwavuli nikila piadina, mkate wetu bapa, kwa uchungu. Ndipo vipaza sauti vikakoroma juu ya kichwa changu. Kilomita saba za ufukwe, kipaza sauti kila nguzo! Hakuna asiyesikia, hata aliye ndani ya maji.

Nikaenda mbio kibandani kwa Bi Edda, mtangazaji. Kakataa. Matangazo ya biashara yamejaa tangu Mei, kasema, na kilichobaki ni dhoruba na watoto waliopotea. Muziki kasikilize kwenu, mwanangu. Lakini akili ni mali. Kengele anayoipiga kabla ya kutangaza watoto waliopotea imechakaa, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikajitolea kumpa mpya, bure: sekunde kumi na mbili za kibwagizo changu. Kauliza kama kina maneno machafu. Nikamwambia ni Kiingereza. Karidhika.

Jumapili, 6 Agosti

Watoto ishirini na saba wamepotea leo! Mungu awabariki wote! Wote wamepatikana, na kila mmoja kaleta sekunde zake kumi na mbili.

Kufikia alasiri ufukwe mzima unaujua wimbo. Mama mmoja wa Modena alikuwa anakula tikiti maji. Kibwagizo kilipoanza, kipande kikamdondoka, akaruka juu, macho yamemtoka. Amesisimka! Sijawahi kuona wimbo ukimshika mtu namna hiyo.

Jumatano, 9 Agosti

Balaa. Watoto watatu tu tangu juzi. Sijui wazazi wamepatwa na nini. Wimbo ukianza tu, kila mmoja anamkamata wake mkono na hamwachii tena. Nitafikaje Ferragosto na watoto watatu?

Nikaenda kwa Bi Edda, nikaripoti mkwe wangu amepotea. Mzee wa miaka sabini na moja, kaptula ya kijani, hujibu akiitwa Oreste. Alikuwa anacheza karata hatua kumi kutoka pale niliposimama. Kwa asubuhi moja tu nimempoteza mara nne. Mara ya tatu watu wasiomjua walikuwa wanamshika mkono na kumpeleka kibandani polepole, wakimwambia asiogope. Bibi mmoja Mjerumani kamnunulia aiskrimu.

Mzee kaniambia, "Wewe mkwe wangu, ipo siku nitakuzamisha kwenye beseni, na sitamwita mtu." Aiskrimu lakini aliimaliza.

Ijumaa, 11 Agosti

Loris kaja kunicheka. Eti wimbo wangu unatia watu kiwewe. Eti kwake ukisikika tu, kina mama wanapiga mayowe. Wivu! Ningekuwa na wimbo kama wake, uliopoa kama supu ya jana, na mimi ningesema hivyo hivyo.

Kilichoniuma ni Nives. Naye kaniuliza usiku tulipomaliza kula, "Ivano we, hivi huoni wanavyoinuka?" Nikamjibu naona! Wanainuka wote, vijana kwa wazee! Wimbo wa dansi unataka nini zaidi? Akaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 15 Agosti, Ferragosto

Niandike kama ilivyokuwa.

Saa kumi na moja jioni, watu kama elfu moja mchangani. Wimbo wa Loris ukatangulia. Watu walicheza, si haba, lakini kwa adabu, kama harusi ya binamu. Nikatabasamu. Kutangulia si kufika.

Akapanda Nives, gauni la fedha, jua linammulika. Alipendeza ajabu. Mdundo ukaanza. Vichwa elfu moja vikainuka kwa pamoja! Nikamminya mkono bwana wa Bologna, nikamwambia tazama, tazama!

Kikaingia kibwagizo.

Mama mmoja akapiga kelele, "Maicol!" Mwingine, "Samanta! Samanta yuko wapi?" Kufumba na kufumbua majina yalikuwa yanaruka kila upande. Kina baba wakakimbilia majini na viatu vyao. Mabibi wakainama chini ya meza. Kijana mmoja alinipita mbio huku akimwambia mchumba wake kwamba hana mtoto, anajua hana, ila miguu inakwenda yenyewe. Wimbo ulikuwa haujafika nusu, uwanja mweupe. Walibaki Nives, anaimba mpaka neno la mwisho, na Mzee Oreste, aliyejificha nyuma ya jokofu la aiskrimu asije akapatikana tena.

Bwana wa Bologna kasema ana miaka ishirini katika kazi hii na hajapata kuona wimbo ukimaliza watu uwanjani hivyo. Akaandika jina la Loris. Kisha akaniomba sarafu ya simu, ampigie mkewe aulize kama binti yao yuko nyumbani.

Nililia. Sioni haya kulisema. Nilikaa jukwaani na kulia, si kwa ajili ya vyoo, bali kwa sauti ile ya Nives niliyoiharibia siku. Nives akaja kukaa kando yangu. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Kasema ameimba mbele ya watu elfu moja na hakuna hata mmoja aliyebaki baridi. Kanifuta pua kwa pindo la gauni la fedha. Halafu kasema sikio la kufa halisikii dawa, na twende tukale.

Jumatatu, 4 Septemba

Dukani. Asubuhi nimeuza vyoo viwili na sinki moja. Santuri mia mbili na tisini ziko chini ya masinki. Nilijiambia basi, yamekwisha. Nilikuwa mtu mzima kwa muda wa saa tatu nzima.

Saa sita akaingia daktari wa meno, Dokta Guerrino, kuchagua vigae vya chumba cha matibabu. Analalamika wagonjwa wanaogopa. Wakisikia ile mashine ya kuchimba jino tu, wanakauka. Angependa apate kamuziki ka kuwachangamsha.

Nikapiga hesabu papo hapo. Wagonjwa thelathini kwa siku! Mji mzima, mwaka mzima, bila kujali mvua wala baridi! Nimempunguzia bei ya vigae na kumpa kaseti yenye wimbo wangu. Tumekubaliana kila anapowasha mashine, anawasha na wimbo.

Nives kauliza kama nimefikiri vizuri. Nimefikiri kila kitu! Pale hakuna atakayeinuka akimbie, na midomo yote iko wazi tayari kwa kibwagizo.