Baba Watatu wa Babu Mkuu

Jamani, leo nimeadhirika. Tena ukweni. Tena kwa mdomo wangu mwenyewe, mimi ambaye mwalimu akiita majina nilikuwa naitika kwa kunyoosha kidole.

Nawaandikia wewe Hamisi na wewe Juma kwa sababu habari itawafikia tu huko Urambo, na ni afadhali muipate kwangu kabla haijatiwa chumvi. Haihitaji chumvi.

Asubuhi tulikwenda Kwihara kuposa. Binti ni Zuhura wa Mzee Saidi, yule niliyewaambia alileta kiatu dukani kwetu kikiwa kimeachia uzi. (Nilikitengeneza wiki tatu. Kiatu hakikuwa na ubovu mkubwa.) Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo msemaji wa upande wetu alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa Shabani, aliyenifundisha ufundi wa viatu. Mnamjua. Ni balozi wa nyumba kumi, na hata akiomba chumvi mezani huanza na "Ndugu wananchi."

Njiani, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli, alinipa maagizo.

"Rashidi, kazi yako leo ni kutazama mkeka. Ukiulizwa neno, kohoa. Kusema niachie mimi."

Nilifurahi. Kazi hiyo naiweza.

Tulipiga hodi, tukakaribishwa barazani. Alikuwapo Mzee Saidi, na mama yake mzazi, Bibi Nyamizi. Bibi huyu ni mkongwe kweli, lakini macho yake ni makali kuliko yangu. Nilimwamkia. Akaitikia, kisha akanikagua kama mtu anunuaye punda.

"Huyu ndiye mume wangu?" akauliza. "Mbona mwembamba hivi? Siku nikiugua ataweza kunibeba?"

Nilikohoa.

Kahawa ikaletwa, birika na vikombe vidogo vingi juu ya sinia. Zuhura mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nilijua yupo kwa sababu pazia lilikuwa na vidole vya miguu chini yake.

Hapo Bibi Nyamizi akasema maneno ambayo husemwa kwenye kila posa.

"Tumewapokea. Lakini kabla ya barua, tuambieni ninyi ni watu wa nani. Isije ikawa tunaozesha ndugu kwa ndugu."

Swali jepesi. Mtu angejibu: sisi ni mafundi viatu wa mjini, babu zetu ni fulani na fulani, kwisha. Baba Mkubwa akasimama. (Hakuna aliyemwambia asimame.)

"Ndugu wananchi!" akasema. Barazani tulikuwa watu wanne. "Mnaowaona mbele yenu si watu wa hivi hivi. Babu yetu Mkuu alikuwa mtoto wa kuzaliwa, mtoto wa damu, wa Kirangozi Mabula!"

Ninyi mnaijua hadithi hii, mmeisikia dukani kwetu kila mlipokuja. Kirangozi ndiye aliyekuwa mtu wa mbele wa msafara, akiongoza wapagazi kwenda Pwani na kurudi, na jina la Mabula bado wazee wa njia hii wanalitaja. Baba Mkubwa akaingiza mkono katika koti akatoa kitu kilichofungwa kitambaa. Akakifungua polepole. Kengele.

"Hii ndiyo iliyotangulia msafara wake mpaka Bagamoyo!"

(Kengele hiyo naijua. Mpaka Idi iliyopita ilikuwa shingoni mwa mbuzi wetu.)

Nikasubiri wenyeji wastaajabu. Hawakustaajabu. Walitazamana.

"Mabula yupi?" Bibi Nyamizi akauliza.

"Mabula ni mmoja tu, mama! Yule aliyefia hapa hapa Kwihara!"

"Huyo ni baba mkwe wangu," Bibi akasema. "Mume wangu alikuwa mwanawe. Mzee nilimkuta hana meno, nikimpikia uji kwa mikono hii."

Jamani, Baba Mkubwa alivyofurahi! Miaka yote anasimulia habari hii, hajawahi kupata mtu wa kumwambia ndiyo. Akamkumbatia Mzee Saidi mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. "Ndugu yangu! Damu yangu! Kumbe tuko jirani hivi hatujuani!" Hakuiona posa yangu ikitoka nje taratibu na kuondoka. Mimi niliiona.

Mzee Saidi naye aliiona. Ni mtu mwema. Akasema, "Mama, lakini huu ni udugu wa mbali. Dini haiukatazi."

"Dini haiukatazi. Mimi naukataza. Sisi Wanyamwezi hatuoi damu yetu."

"Babu aliwahi kutaja kwamba ana mtoto mjini?"

"Hakutaja. Lakini mtu wa njia yule! Huko alikopita nani anajua aliacha wangapi? Nikikataa nitasema uongo. Hawa wenyewe wanasema ni wake, basi ni wake. Hebu tuone mmekaa vipi."

Akavuta sinia, akaanza kupanga vikombe juu ya mkeka. Kikombe kimoja juu: Mabula. Chini yake, upande wao, mume wake marehemu, kisha Mzee Saidi, kisha Zuhura. Upande wetu, Babu Mkuu, kisha babu, kisha baba yangu, kisha mimi. Kikombe changu kilikuwa na mpasuko. Akavitazama, akavisogeza vizuri, akacheka peke yake.

"Angalieni. Zuhura yuko sawa na baba yake huyu kijana. Kwa hiyo Zuhura ni shangazi yake."

"Shangazi!" Baba Mkubwa akapiga makofi. "Mambo ya ukoo ni matamu!"

Zuhura akaitwa aje amjue mtoto wa kaka yake. Akatoka na sahani ya karanga, macho chini. Bibi akanigeukia.

"Mwamkie shangazi yako."

Nilikohoa. Haikusaidia. Baba Mkubwa akanipiga kiwiko.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," Zuhura akajibu. Ni mazoea tu, mtu akiamkiwa huitikia. Lakini aliponyanyua macho kunitazama, yalikuwa na machozi. Akaweka sahani chini akarudi nyuma ya pazia. Vile vidole vya miguu havikuonekana tena.

Kwa mnavyonijua, mimi nisingesema. Mimi nimewahi kulipa nauli ya mtu mwingine kwa kuogopa kumwambia kondakta amekosea. Lakini nilivitazama vile vikombe, nikaona kwamba nikikaa kimya hapo, nitamwita Zuhura shangazi mpaka nizikwe.

Nikasema kitu. Sijui nini.

"Nani anazungumza?" Bibi akauliza. "Ni wewe au ni kuku?"

"Ni mimi. Nataka kumuuliza Baba Mkubwa. Habari hii ya Mabula, nani alikwambia?"

Baba Mkubwa akanitazama kama aliyesikia kiatu kikisema. "Baba yangu. Babu yako."

"Mimi babu alinipakata, akaniambia baba yake alizaliwa na Mwarabu mwenye duka kubwa pale mjini."

"Hiyo ilikuwa zama za Mwingereza," Baba Mkubwa akasema haraka. "Wakati ule watu walisema hivyo."

"Na wewe uliponianzisha kazi, nikijichoma vidole, uliniambia nisilie kwa sababu Babu Mkuu ni mtoto wa mtemi."

"Hiyo ilikuwa kabla ya Uhuru!"

"Kwa hiyo baada ya Uhuru alizaliwa tena?" Mzee Saidi akauliza. Alikuwa ameanza kuburudika.

Basi nikashikwa na kitu. Mtu mkimya akifunguka hajui pa kufungia. Nikasimama. (Hakuna aliyeniambia nisimame. Ni ugonjwa wa ukoo.) Nikasema kwamba serikali ilipoondoa utemi, Babu Mkuu aliondolewa kwa mtemi akapelekwa kwa kirangozi, kwa kuwa kirangozi ni mtu wa wafanyakazi, na Baba Mkubwa wakati ule anagombea ubalozi. Kila wakubwa wakibadilika, Babu Mkuu anabadilishiwa baba. Amekwisha kuwa na watatu. Hakuna hata mmoja aliyepata shahidi. Kengele ni ya mbuzi.

"Kwa hiyo unasemaje?" Bibi akaniuliza. "Babu yenu baba yake nani?"

Nilitaka kusema kwamba hatumjui. Naapa nilitaka kusema hivyo. Lakini maneno yalinigongana, na wakati huohuo watu wa shamba la kijiji walikuwa wanapita na majembe yao, wengi, na sauti yangu, ambayo siku zote haifiki hata ng'ambo ya mkeka, leo ikaamua kufika barabarani.

"BABU YETU MKUU HAKUWA NA BABA!"

Majembe yakasimama. Yote.

Bibi Nyamizi akaweka mkono kifuani.

"Astaghfirullah. Mjukuu wangu, walioumbwa bila baba tunawajua. Adamu, na Nabii Isa. Sasa ninyi mafundi viatu mmetuletea wa tatu?"

Walicheka barabarani mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Saidi alijifunika uso kwa kofia yake. Nyuma ya pazia nako nilisikia kicheko, na nilikijua ni cha nani. Mimi nilikaa. Nilirudi kwenye kazi yangu ya kutazama mkeka.

"Umemmaliza babu yako," Baba Mkubwa aliniambia kwa sauti ndogo. Hakuwa anacheka.

"Hajammaliza," Bibi akasema, akijifuta macho kwa khanga. "Alitaka kusema hamjui, haya ikamzidi. Sema wewe uliye mkubwa. Mnamjua au hammjui?"

"Mama, tungesema labda..."

"Kwa labda simnyimi mjukuu wangu mume, na kwa labda simpi. Ukimshikilia Mabula wako, Zuhura ni shangazi, nendeni salama. Chagua."

Baba Mkubwa akaitazama kengele. Akanitazama mimi. Nilimwonea huruma, kweli. Ile hadithi ndiyo iliyokuwa ikimtembeza mtaani kwetu kichwa juu. Akaifunga kengele katika kitambaa, akairudisha kotini, na bila "ndugu wananchi" hata moja akasema:

"Hatumjui."

Bibi akakiondoa kile kikombe cha Mabula juu ya vyetu, akakimiminia kahawa, akainywa yote.

"Vizuri. Sasa semeni mnachokijua. Babu yenu Mkuu aliitwa nani, na kazi yake nini?"

"Farahani," nikajibu. "Alikuwa akishona viatu vya wasafiri pale mjini. Msharasi wake wa kutobolea ngozi ndio tunaoshonea mpaka leo."

Bibi akakiweka kikombe chini.

"Farahani fundi makubazi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yule Farahani!" Akamgeukia mwanawe. "Saidi, ndiye yule! Kila masika, miguu ikimuuma, mzee Mabula alikuwa akimtaja. Alimshonea makubazi ya safari ya Pwani. Yakakatika Kigwa. Kigwa, jamani! Hata jasho halijamtoka! Akaenda peku mpaka Bagamoyo. Mpaka anakufa alikuwa akisema, 'Nikimpata Farahani nitamcharaza kwa hayo hayo makubazi.'"

"Basi hakuwa mwanawe," Mzee Saidi akasema.

"Mwanawe angemwita mwanangu. Huyu alimwita majina nisiyoweza kuyasema mbele ya wageni."

Watu wa majembe sasa walikuwa wameingia uani kusikiliza vizuri.

Ndivyo nilivyompata Zuhura, jamani. Posa imepokewa. Lakini Bibi ametoa sharti mbele ya kijiji kizima. Ana dada yake Kigwa. Nimshonee yeye Bibi makubazi, ayavae, aende nayo kwa miguu kumsalimia dada huyo. Yakifika mazima, tukachukue mke. Yakikatika njiani, anajua aibu ya ukoo wetu inaanzia wapi.

Wakati wa kuondoka watoto walitusindikiza mpaka mwisho wa kijiji wakiimba kwamba bwana harusi babu yake hana baba. Wimbo una mapigo mazuri. Utadumu.

Baba Mkubwa aliendesha baiskeli mpaka tukaanza kuona mabati ya mjini.

"Rashidi."

"Naam, Baba Mkubwa."

"Mtu hakasirikiwi na Kirangozi Mabula miaka yote hiyo bila sababu. Lazima Babu Mkuu alikuwa fundi wake mkuu. Fundi wa misafara yote."

"Tunajuaje?" nikauliza.

Nusura atutie mtaroni.

Sasa niko dukani, ngozi iko magotini, msharasi wa Farahani mkononi. Kila mshono naupitisha mara mbili, na kisigino mara tatu. Bibi yule ni mzito kidogo, na kwa miguu ya mkongwe Kigwa si karibu.

Harusini mtakaribishwa nyote wawili. Chekeni huko huko Urambo mmalize kabisa kabla ya kupanda treni, na mkifika, tafadhali, yeyote asije akampa bibi harusi shikamoo mbele yangu.