Kisa cha Nyange Ndani ya Sinema ya Kantilal

Jumatatu, 6 Machi 1933
Sinema ya Kantilal hapa Konde, siku ya pili. Ghala la karafuu, magunia madirishani, mchana ukawa kiza. Picha ni ya mauaji ya kweli yaliyotokea Ulaya, mtu kauliwa na rafikiye. Maandishi yote ya Kizungu, na mfasiri ni mimi, Jaribu. Watu kumi na mmoja tu, na wawili wamelala! Mzee mmoja kauliza Wazungu wakiuana yeye kinamhusu nini. Imenichoma. Mwaka mzima nangoja jawabu la Mzee Ame, mchuuzi wa samaki wa Tumbe, juu ya posa yangu kwa bintiye Mwatima. Atampaje mtoto mtu anayewalaza watu?

Jumanne, 7 Machi
Nimepata! Nimetangaza sokoni kuwa picha hii ni kisa cha marehemu Nyange wa Tumbe, aliyeokotwa ameuawa miaka saba nyuma na muuaji hajajulikana hadi leo. Nikasema Wazungu wamekisikia kisa, wakakiigiza. Watu wameamini upesi mpaka nimeona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumatano, 8 Machi
Ghala limejaa pomoni. Mzee Ame nimemkalisha mkeka wa mbele, kwa heshima. Nikasimulia, wanawake wakalia, nikajiona mtu. Kumbe mwisho wa picha nilikuwa sijauona, maana kila siku mashine hukwama katikati. Leo haikukwama! Muuaji akainuka kitini, akatembea. Anachechemea! Ghala zima likageuka kumtazama Mzee Ame na mguu wake mbovu. Lahaula!

Alhamisi, 9 Machi
Samaki wa Mzee Ame wamerudi Tumbe kama walivyokuja. Hata mmoja hakununuliwa. Mwatima kanitumia neno kwamba babake hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nilitaka kwenda kusema kweli, miguu ikakataa. Badala yake nimebadili tafsiri. Nikasema huyu anayechechemea ni shahidi tu, mtu mwema sana, mswalihina. Papo hapo, mle pichani, askari wakamtia pingu. Watu wakaangua kicheko, wakasema Mzee Ame keshanipa mke. Nimezidi kumchafua.

Ijumaa, 10 Machi
Baada ya sala Mzee Ame kasimama msikitini. Kasema kesho Shehe Nassor atamsomea Halbadiri aliyemtwika damu ya Nyange, na dua ile imfuate popote alipo. Tangu hapo tumbo linanisokota. Kantilal kasema ni kunde za jana. Kunde sikula!

Jumamosi, 11 Machi
Asubuhi nimekwenda Tumbe kuungama. Barazani kwa Mzee Ame nikamkuta Bi Mwanawema, mamake Nyange. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye nisomaye yale maandishi, mwanawe alisema nini mwisho wake. Je, alimwita mama?

Uongo nimesema mwingi maishani. Pale sikupata hata mmoja. Nikamwambia, Bi, yule si Nyange, nimewadanganya, nisamehe. Hakunitukana. Kaniachia mkono, kajifunika uso kwa kanga. Laiti angenipiga!

Nikayasema hayo hayo mbele ya Mzee Ame, Shehe Nassor na kijiji kizima, huku nimeshika msahafu. Mzee kanisamehe, Halbadiri haikusomwa, na watu wakampa mkono mmoja mmoja. Kisha kasema Mwatima nisimtaje tena, leo wala kesho. Nimerudi Konde kwa miguu, nalia njia nzima. Mdomo wangu ndio ulioniponza, simlaumu mtu.

Jumapili, 12 Machi
Sina hamu ya kula. Sura ya yule bibi hainitoki. Kantilal kapata picha mpya, mke kamtilia mumewe sumu, nayo ni kweli tupu. Kaniuliza kama nitaweza kufasiri na moyo huu. Nikamjibu kwamba nimeapa, maiti wa Tumbe sitamtia tena kinywani maisha yangu. Wala wa Konde.

Kisa hiki nitasema kilitokea Wawi. Wawi sina mchumba.