Kisigino cha Président

Jumanne, 9 Septemba
Barua imefika. Club ya skate, ule ubao wa magurudumu, ya Beni inakuja kututembelea hapa Butembo Jumapili, baada ya ibada. Imeandikwa: kila président atafungua kwa kupiga flip ya kisigino. Kila président! Donc unaruka, unasukuma ubao na kisigino, ubao unajizungusha hewani, kisha unatua juu yake. Niko président wa club yetu tangu miaka mbili, sijaruka hata ndoo! Président ni wa kusaini na kuongea. Nikishindwa, kiti kimeenda.

Jumatano, 10 Septemba
Nimejaribu nyuma ya nyumba, mara kumi na ine. Ubao ukanipata kwa muundi kila mara. Bénie, secrétaire wangu, alikuwa anachungulia. Yeye flip hiyo anaipiga simu ikiwa mukononi. Akaniambia, kwa heshima kabisa, kama siwezi nimuachie kiti. Mutoto wa juzi! Nikamuambia kiti si cha batu ba kurukaruka.

Alhamisi, 11 Septemba
Akili ni mali. Nimefunga mguu na bande, nikachechemea mpaka kwa comité. Entorse, mguu umeteguka, nikasema. Jumapili nitaongea tu. Bote bakanipa pole. Hata Bénie. Aone!

Jumamosi, 13 Septemba
Mama yangu ana mudomo! Amepeleka habari ya mguu kwa Mama Débora, mukubwa wa chambre ya maombi. Bamama kumi na mbili ba chambre hiyo bakajaa kwa salon yetu. Bakaomba, bakaimba, bakalia. Masaa mbili! Mwisho Mama Débora akaniamuru nisimame kwa jina la Yesu. Ningefanya nini? Nikatae Mungu mbele ya mama? Nikasimama. Haleluya karibu zing'oe bati. Bakafungua bande, bakasema kesho natoa ushuhuda mbele ya batu ba Beni. Tena kwa kuruka!

Jumapili, 14 Septemba
Nimeruka. Nyamuhanga, Mungu wangu! Ubao ulielekea Beni, mimi upande mwingine, Kirumba. Sasa mguu umeteguka kweli. Bénie akapiga flip mara tatu, bamama bakapiga vigelegele. Kura ikapigwa mimi nikiwa bado chini. Bote kwa Bénie, hata mama yangu, na yeye si membre!

Jumatatu, 15 Septemba
Bénie abaki na club yake. Nimeanzisha ingine. Membre ni mimi peke yangu, nikajichagua président kwa kura zote. Kosa langu lilikuwa moja tu, mguu. Mguu batu banauona. Batu ba Beni nimeshabaandikia barudi mwezi ujao. Asubuhi ile nitaumwa tumbo.