Ombi la Kurudishiwa Ukungu wa Picha ya Kwaya

Mutakura, Bujumbura

Kwa Mhariri wa gazeti la mtaa wetu,

Ninakusalimu kwa heshima, nikiwa nimeegemea mito mitatu. Nina miaka themanini na miwili, na nilifundisha jiografia hadi ramani zikabadilika. Wiki iliyopita daktari alisikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaniuliza kama watoto wangu wanakaa karibu. Kwa hiyo nina haraka. Nalalamika kuhusu mitandao ya kijamii, kama ifuatavyo:

1. Haiheshimu ugomvi. Tangu binti yangu Irène anifungulie ukurasa, kila asubuhi naulizwa kama namfahamu Zénon wa Cibitoke. Namfahamu. Hatujasemezana tangu Krismasi ya mwaka 1986, na ugomvi wa namna hiyo haujiendeshi wenyewe. Nimetoka misani kabla ya kupeana amani, nimenyolewa na vinyozi wa mbali, nimekosa harusi nne pamoja na vyakula vyake. Kazi yote hiyo imewekewa kitufe kimoja cha kuongeza rafiki. Cha kuongeza adui nimekitafuta hadi kwenye mipangilio. Hakipo.

2. Vitufe vimetengenezwa na watu wasiotetemeka. Nilikuwa namwondoa Zénon, kidole gumba kikacheza, nikamwomba urafiki. Nilipojaribu kulifuta ombi nikampelekea moyo, mwekundu, unaodunda. Wangu mwenyewe haudundi hivyo. Akakubali baada ya dakika mbili, jambo lisilo la heshima kwa adui wa miaka thelathini na minane.

3. Irène amepata chombo kipya cha mtandaoni kinachosafisha picha za zamani. Alikipa picha ya kwaya yetu, iliyopigwa nje ya kanisa baada ya misa ya Krismasi ile ile, kisha akaiweka kwenye ukurasa wangu. Mimi niko mbele, nimeshika kitu chenye ukungu. Miaka yote ukoo mzima tulikubaliana kuwa ni rozari. Chombo hicho, bila kuniuliza, kimegundua kuwa ni ufunguo wenye kibao kilichoandikwa SAKRISTIA.

Basi nikiri, kwa kuwa picha imenitangulia. Zénon ndiye aliyechaguliwa kuimba peke yake siku ile. Mimi nilimfungia ndani ya sakristia, chumba cha mavazi ya padri, nikaimba mahali pake. Aliponishitaki kwa padri, niliapa kuwa mlango ule hujifunga wenyewe, nikanuna, na tangu hapo mimi ndiye niliyekosewa. Cheo hicho nimekishika vizuri. Watu hunipisha kiti.

4. Kama chombo cha bure kinaona hivi, malaika watakuwa nacho cha kulipia. Naomba sheria: mtu akivuka miaka themanini, ukungu wa picha zake uhesabiwe kuwa mali yake, asinyang'anywe. Na picha yangu irudishiwe uchafu wake kabla Zénon hajaifungua, maana sasa, kwa kosa la kidole, ni rafiki na anaona kila kitu. Nataka nizikwe nikiwa niliyekosewa. Sidhani kama naomba mengi.

Nisalimie wachapaji wako, mlinzi wa mlangoni na wasomaji wote, hata wa Cibitoke, isipokuwa mmoja.

Ni mimi ambaye bado napumua,
Télesphore

Nyongeza: Usichapishe. Zénon ameiona picha. Ameniandikia hivi: "We Télesphore, dirisha ya sakristia ilikuwa wazi siku ile yote. Mi nilibaki mule sababu nilikuwa nimesahau beti ya pili. Miaka yote hii nilikuwa naogopa utajua." Anakuja Jumapili na mtungi wa impeke, pombe yetu ya mtama, na mirija miwili. Anadai pia kwamba alisikiliza pale dirishani, na kwamba hata mimi ubeti wa pili sikuujua, niliimba wa kwanza mara mbili. Kaseti ya misa ile ninayo, lakini inakwaruza. Tafadhali waulize wenye mitandao kama wana chombo cha kusafisha kaseti. Kama kipo, kifike kabla ya Jumapili. Moyo nimeuagiza usubiri.