Ndama Mmoja Alikohoa

Jumatatu, 3 Juni 1968
Soko la Kitshanga. Sebahire mfugaji anauza siagi. Ameifungia katika gazeti langu! Tahariri yangu nzima imelowa mafuta. Nilipolalamika alisema ni karatasi nzuri, haivuji. Watu walicheka. Nilicheka nao, moyo ukiniwaka.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa yake. Ndama wake mmoja amekohoa. Nimebandika gazeti kwenye ukuta wa soko, herufi kubwa kama kiganja: UGONJWA WAVAMIA NG'OMBE WA SEBAHIRE. Chini, herufi ndogo: alikohoa mara moja, sasa ananyonya vizuri. Uongo uko wapi?

Jumatano, 5 Juni
Ushindi. Siagi haikununuliwa. Hakuna aliyefika mstari wa pili. Nimenyoa ndevu kwa ajili ya Jumamosi, siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari kwa Papa Benoît, baba yake Constance, mchumba wangu.

Alhamisi, 6 Juni
Papa Benoît ameniita. Hapokei ng'ombe yeyote kutoka kilima cha Sebahire. Nilimsifu kwa kusoma gazeti. Ndipo akauliza ng'ombe wangu mimi analishwa na nani.
Mungu wangu. Mimi ni mkulima wa maharage. Ng'ombe wangu wa pekee, aliyeachwa na marehemu baba, yuko kwa Sebahire miaka yote. Nilikuwa nikifikiria siagi tu.
Harusi imesimamishwa. Constance aliniuliza kama mimi niko muhariri ao muchawi wa maisha yangu mwenyewe. Naogopa kumkosa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimechapa masahihisho, ukurasa wa pili, chini ya ratiba ya misa. Mhariri ana heshima yake. Jioni nikakumbuka kwamba ukurasa wa pili ndio uliopakwa gundi na kugeukia ukuta.

Jumamosi, 8 Juni
Sebahire amemleta ng'ombe wangu mwenyewe. Amemkamua uani kwa Papa Benoît na kunywa kikombe kizima mbele ya watu wote. Akasema, akininyooshea kidole: "Papa, maziwa iko muzuri. Mugonjwa njo huyu muhariri." Papa Benoît naye alikunywa, akakubali. Niliona haya hadi masikioni. Constance ameniapisha kuandika kweli tupu. Nimeapa, na nililia kweli.

Jumapili, 9 Juni
Toleo jipya liko ukutani: MHARIRI AOKOA JINA LA SEBAHIRE. Aliyeleta ng'ombe, aliyekamua, aliyekunywa, yote nimeeleza wazi, chini, kwa herufi ndogo. Constance akiuliza, nitamwonyesha mstari wa tisa.