Salfa ya Kasuku

Kitangari, Jumatatu, 4 Julai 1994

Kasuku kaamka vibaya. Kajikunyata, manyoya yamesimama, macho yanatoa machozi, mdomo wazi kama mtu aliyetaka kusema akasahau. Salome kamsogelea kama kila asubuhi. Kimya.

Huyu ndege ndiye kiumbe pekee hapa kijijini anayempa mwanangu shikamoo. Salome ana miaka mitano, nani mwingine amwamkie? Huitikia marahaba kwa sauti ya mjumbe wa nyumba kumi, ndipo anywe uji. Leo uji umepoa.

Kaniuliza, "Mama, akifa, nani ataniamkia?"

Nimemwambia hafi. Nikisema nimesema.

Chanzo nimeshakijua: kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kimeletwa na kuku wa jirani yangu Ziada, Mama Esha, wanaopita uani kwangu kama kwao. Wenyewe wazima, wanakimbizana. Ujanja wao tu.

Nimemwogesha kasuku maji ya vuguvugu. Baba Salome karudi, kakuta ndoo tupu. Nimemweleza. Kakaa chini kwanza. Kasema Kitangari hii, watu wanawahi foleni ya bomba kabla ya jogoo, yeye anaoga kopo, ndege anaoga ndoo! Kisha kakohoa. Anakohoa tangu alete magunia ya salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho. Uchovu wa kubeba, maskini. Siku hizi salfa iko kwa wafanyabiashara, ukiipata unailalia. Tumeipanga sebuleni, chini ya tundu la kasuku. Penye usalama.

Jumanne, 5 Julai

Danieli, mdogo wake Salome, anaota meno. Sijalala. Si kitu, akili inafanya kazi.

Pilipili kichaa kwenye maji! Kila mfuga kuku anajua. Kasuku kaonja, kapiga kelele, kaniuma kidole. Nguvu zimerudi! Nikajifuta jasho la uso kwa kidole kilekile. Macho! Nimelia mpaka kanga imelowa. Salome kadhani namlilia kasuku, naye kalia. Danieli kaona wenzake wanalia, kajiunga.

Jioni kasuku kashuka kwenye kijiti chake, kalala kwenye sakafu ya tundu. Anapumzisha dawa.

Jumatano, 6 Julai

Nimegundua. Si kideri. Ni ubwiri unga! Ugonjwa uleule unaokausha maua ya mikorosho. Nimemkagua kwenye mwanga: manyoya yote yana vumbi, sawasawa na ua lililoshikwa. Na dawa yake iko hapohapo chini ya tundu, magunia kwa magunia. Mungu hamtupi mja wake.

Nimechukua bua la jani la papai, nimejaza salfa, nimempulizia vizuri, mbele na nyuma, kama bwana shamba anavyofundisha. Kasuku kaanguka pu! kama bibo la mkorosho lililoiva.

Salome kapiga ukelele. Ziada kaja mbio, kamwokota, kamfunika kwa ncha ya kanga. Kanusa sebule yangu. Kapiga chafya. Kasema, "Mama Salome, huyu hana kideri wala nini. Analala juu ya salfa. Mtoe nje."

Nimemjibu kwa utulivu kwamba salfa ni dawa. Dawa iliyoiokoa mikorosho ya wilaya nzima itamdhuru ndege? Mimi nimemaliza la saba, yeye aliishia la nne. Kaniuliza kama nimewahi kuusikia mkorosho ukivuta pumzi.

Nimekwenda kumbembeleza Danieli. Alikuwa analia.

Nimeamua: kesho Masasi, kwenye duka la dawa.

Masasi, Alhamisi, 7 Julai

Kasuku nimemwacha kwa Ziada. Kama ni kideri, kirudi kwao. Salome kabaki naye, kashikilia tundu, hataki hata kuniaga.

Nimepanda lori la mihogo, Danieli mgongoni, vumbi mpaka kwenye meno yake mapya. Nimefika duka la dawa. Kufuli! Saba Saba. Nchi nzima inajua leo ni sikukuu, isipokuwa mimi.

Nimelala kwa dada yangu Dominika. Kanicheka: mwanamke mzima, mtoto mgongoni, safari yote hii kumfuata daktari wa ndege. Nimemwambia sikuja kwa ajili ya ndege. Nimekuja kwa ajili ya ile marahaba. Kaacha kucheka, kaniongezea ugali.

Ijumaa, 8 Julai

Nimepata dawa! Zamani ilikuwa zahanati tu, tena rafu tupu. Sasa mtu yeyote anafungua duka, dawa mpaka darini. Muuzaji, mzee Nathanaeli, kauliza mgonjwa analala wapi. Nimemwambia pazuri, pakavu, hapaibiki. Kanipa dawa ya kuku. Kasema kasuku ni kuku aliyesoma.

Nimeipata asubuhi mapema. Lori la kurudi hakuna hadi kesho.

Kitangari, Jumamosi, 9 Julai

Nimeshuka lorini, moja kwa moja kwa Ziada. Tundu linaning'inia nje, pembeni ya uchanja wa mihogo, upepo unapita. Kasuku anamenya mtama. Kabla sijapiga hodi nikasikia:

"Shikamoo!"

Na mwanangu, "Marahaba, hujambo?"

Machozi. Safari hii si pilipili.

Kisha nikampa tone moja la dawa. Papo hapo kajitikisa, kapanua mbawa. Dawa ya Masasi ni kiboko! Ziada kasema ndege alipona tangu jana asubuhi. Nimemweleza kwa upole kwamba jana asubuhi ndipo dawa iliponunuliwa.

Jumapili, 10 Julai

Baada ya kanisa nimerudisha tundu kwenye msumari wake sebuleni, juu ya salfa. Kila mgonjwa hupona vizuri zaidi kwake.

Ziada kaja. Kautazama msumari. Kayatazama magunia. Hakubishana. Kaomba tu nimwazime kasuku mpaka msimu wa kupulizia mikorosho uishe, eti kuku wake wakimsikia hutaga vizuri. Kabla sijafungua mdomo Salome kalitungua tundu, kalikumbatia. Kasema atakwenda kuamkiwa huko kila asubuhi, kabla ya uji.

Nimekubali. Jirani mwenye wivu naye anahitaji furaha. Lakini sikumwachia hivihivi. Nimemjazia salfa kopo zima la maziwa, nimemwagiza aiweke chini ya tundu, kasuku aizoee hewa ya nyumbani. Kapokea kwa mikono miwili. Kasema, "Asante, Mama Salome. Haitapotea bure."

Jioni nimechungulia uani kwake. Namwona na lile kopo, kasimama chini ya mkorosho wake, anapulizia maua.

Dawa ya ndege, anaupa mti! Watu wengine hata uwaelekeze vipi, hawafundishiki.