Nyuma ya Mgomba, Siku ya Mikaeli na Watoto

Jumatatu, 23 Septemba
Nafasi ni moja! Mwinjilisti Mwijage kaitangaza jana hapa Kagoma. Jumapili ni Mikaeli na Watoto, ibada yote wanaongoza watoto. Mwalimu atakayewaandaa vizuri kuliko wenzake anakwenda semina ya Sunday school Bukoba. Na cheti! Mimi cheti sina hata kimoja, vyote nimejifundisha mwenyewe, hadi gitaa (nyuzi mbili). Mpinzani ni Ma Kokwijuka tu. Mama wa watu, hata kipaza sauti anakishika kama kisu. Nimeshashinda.

Jumatano, 25 Septemba
Watoto wa darasa langu hawashiki kitu. Gozbert, miaka saba, kichwa chujio! Lakini nimepata mbinu. Nikisema, fuatisha. Usifikiri. Kitokacho kwangu, kitoke kwako. Tumefanya jioni yote. Nimepiga chafya, wote wakapiga chafya. Jeshi!

Ijumaa, 27 Septemba
Nimempeleleza Ma Kokwijuka. Nikajibanza kwenye mibuni nyuma ya jiko lake. Hafundishi! Anamenya ndizi na watoto. Zikaiva, wakabeba sufuria kwa Mzee Muharami, jirani yake Mwislamu anayeumwa miguu. Wakamfagilia uwanja, wakamchotea maji. Kurudi, akawauliza kila mmoja leo anamwambia nini Mungu. Theopista, kabinti kadogo kuliko wote, kakasema kanashukuru kwa kicheko cha Mzee Muharami, maana miguu inauma ila kicheko hakijaumwa. Macho yangu yakaingia maji. Vumbi, nadhani. Mama huyu kiboko! Siri ya ufundishaji wake kaificha kabisa, sikuiona popote.
Halafu akaniita mbele ya watoto: Buberwa mwanangu, waitu, toka huko, siafu watakumaliza, njoo ule. Nikasema natafuta mbuzi. Akasema basi kamtafute umeshiba.

Jumapili, 29 Septemba
Aibu! Kanisa limepambwa migomba. Nikajificha nyuma ya mmoja, karibu na madhabahu. Gozbert mbele, wenzake nyuma yake. Nikanong'ona mstari, akausema kama redio. Vigelegele! Nikanong'ona: sauti! Naye: "Sauti!" Nikasema si hivyo, mjinga wewe. Akamgeukia mwinjilisti: "Si hivyo, mjinga wewe!" Ikanitoka: Mungu wangu, nimekwisha. Darasa lote likapokea: "Mungu wangu, nimekwisha!" Wazee wa nyuma wakaitikia Amina.
Gozbert akaanza kulia. Akatoka Theopista kwenye darasa la Ma Kokwijuka, hakutumwa na mtu, akamshika mkono, akafumba macho, akaomba: Mungu, Gozbert amejitahidi, usimwache peke yake. Na mwalimu Buberwa umtoe kwenye mgomba, kuna siafu.
Nikatoka. Kweli walikuwepo.

Jumatatu, 30 Septemba
Nafasi kapewa Ma Kokwijuka. Halali yake, hata mimi nilipiga makofi. Lakini kamwambia mwinjilisti aniandike mimi! Eti kijana anawapenda watoto, na semina anaihitaji kuliko yeye. Moyo gani huo? Sijaona mama kama huyu Muleba nzima.
Ila tuseme ukweli: kaniogopa.
Gozbert nimeshampa habari. Mwakani mgomba basi, najificha darini. Nimepanda kuangalia, siafu hakuna kabisa. Nyigu tu, wachache.